Mwezi Aliouona Adeer Peke Yake

Isiolo
20 Mei 2018

Fosia, binti wa marehemu ndugu yangu,

Salaam aleikum warahmatullahi. Mimi adeer yako, baba yako mdogo, ni mzima, mama yako ni mzima isipokuwa lile goti, na binti yangu Fahmo ni mzima na anazidi kunitawala nyumbani kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Mvua imetunyeshea tangu Machi, mpaka wale waliokuwa wakiiombea dua sasa wamenyamaza. Ewaso Nyiro umefurika, watu wa Merti wamehama, na barabara ya Garbatulla imekuwa uji. Lori letu lilikwama huko na mbuzi za watu ndani. Kaberia, dereva wangu, alikata majani kuwalisha huku akiwatukana kwa Kimeru, na mbuzi wakala bila kujali.

Najua umemwambia Fahmo aninunulie simu ya kuandikiana. Mwache. Mimi na wewe tulishakubaliana kwamba simu ni ya salamu na misiba. Kwenye simu sote wawili tunapiga kelele na hakuna anayesikiliza.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Unajua kwamba tangu babu yako avue sare ya askari na kupewa kiwanja hapa, nyumba yetu ndiyo jicho la msikiti huu. Yeye aliutazama mwezi, akafuata baba yako, na alipofariki nikapanda mimi. Jumanne iliyopita ilikuwa ishirini na tisa ya Shaaban. Tulipanda juu ya lile jengo karibu na soko, lililoanza kujengwa mwaka kaunti zilipoanza na bado linasubiri paa. Tulikuwa mimi, Kahin wa duka la vitambaa, imamu na vijana kadhaa. Mawingu kila mahali. Halafu upande wa machweo yakafunguka kidogo, nami nikauona. Mwembamba, umelala chali kama unavyolala huku kwetu. Nikasema, "Nimeuona."

Imamu akauliza, "Nani mwingine?"

Kila mtu akamtazama Kahin. Miaka yote nikisema nimeuona, Kahin naye husema ameuona, na mambo yanakwisha. Safari hii akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasema, "Wallahi, Abdighani, mimi siuoni."

Imamu akasema tungoje. Watu wakaanza kufunga Alhamisi. Mimi nilifunga Jumatano, peke yangu katika mji mzima, kwa sababu aliyeuona mwezi hawezi kula eti jirani yake hakuuona. Fahmo aliniletea chai asubuhi, nikamwambia nimefunga. Alisimama na kikombe mkononi, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Nimeumia, Fosia. Sikuambii kwa kuzunguka. Mimi si mtu wa kuombwa shahidi wa pili.

Ninachotaka kwako ni kitu kidogo. Wewe ndiye msomi wa nyota katika ukoo huu, na watu hapa wanalijua jina lako. Niandikie karatasi, uweke sahihi na cheo chako, kwamba jioni ile mwezi ulikuwepo. Imamu nitampa aisome. Kahin nitamsomea mwenyewe, kwa sauti.

Ule vizuri wakati wa kufuturu, na usiwaamini hao Wataliano wakikuambia hiki hakina nguruwe.

Adeer yako,
Abdighani


Palermo
16 Juni 2018

Adeer mpenzi,

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatu, na Idd njema ingawa itakufikia imechacha. Barua yako ilinikuta hapa katikati ya joto, na nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwacheka mbuzi wa Kaberia. Mwambie Hooyo, mama yangu, nimepaka mafuta niliyopewa kwa ajili ya ngozi, na kwamba sijakonda. Mwambie Fahmo namshukuru kwa picha. (Wewe hutaki kujua habari za picha, basi sikwambii kwamba ulionekana umelala na redio kifuani.)

Idd tuliswalia kwenye ukumbi uliokuwa zamani karakana ya magari. Nilijipikia anjera ikashika chini ya sufuria, nikala hivyo hivyo nikiwaza nyumbani. Nililia kidogo. Halafu mwalimu wangu, Agata, akaja na keki ya mlozi kubwa kama tairi, akaniamrisha niimalize. Ungempenda. Ana sauti kama yako.

Uliniuliza kabla sijaondoka ninatazama nini hasa, nikakujibu kwa haraka kwa sababu gari la Nairobi lilikuwa linapiga honi. Acha nikueleze sasa. Unazijua zile nyota tatu zilizopangana, ambazo Babu aliziita mshipi wa Jabari. Chini yake kuna doa kama la ukungu. Pale ndipo nyota zinapozaliwa, kwa maelfu. Zinazaliwa ndani ya mawingu ya vumbi, na vumbi lenyewe ni zito hata mwanga wa kawaida hautoki. Unakumbuka ulipovunjika bega, ukapigwa eksirei, ukagomba kwamba daktari ameona mifupa yako bila hata kukuomba uvue shati? Ni eksirei hiyo hiyo. Inapenya vumbi kama ilivyopenya nyama yako. Tofauti ni kwamba huku sisi hatupigi picha kwa mashine ya kutoa eksirei. Nyota zenyewe ndizo zinazoitoa, sisi tunaipokea tu. Chini haifiki, hewa yetu inaizuia, na ni heri, maana ingetuunguza. Kwa hiyo darubini yetu iko juu, nje ya hewa, inaizunguka dunia.

Na nyota changa zina hasira, Adeer. Jua letu siku hizi ni mzee mtulivu. Ujanani lilizunguka upesi, nguvu za sumaku ndani yake zikajisokota na kukatika, na kila zilipokatika likalipuka. Nyota changa inaweza kutoa eksirei mara elfu zaidi ya jua la leo. Kuna nyingine zimekwisha kupoteza ile sahani ya vumbi inayozizunguka utotoni, na ukizitazama kwa njia nyingine utadhani ni nyota nzee zilizopita njia. Eksirei ndiyo inayozitaja. Bado ni watoto, bado zinalipuka.

Shida ni kwamba eksirei ni haba. Haiji kama mwanga wa taa, inakuja chembe moja moja. Darubini inaweza kukodoa jicho kutwa kucha na kupata chembe chache mno kutoka kwa nyota dhaifu. Basi kazi yangu kubwa ni kuamua ni chembe ngapi zinatosha kusema hapa pana nyota. Ninayo moja ninayoipenda kuliko zote. Imezama ndani kabisa ya vumbi, hakuna darubini nyingine iliyoiona. Mimi ndiye shahidi wake wa pekee, na nimeiweka katika tasnifu yangu.

Kuhusu mwezi wa Shaaban, nitaangalia. Hesabu zake zinahitaji nafasi.

Macho yako yakoje? Nauliza tu. Herufi zako zimekuwa kubwa sana. Barua uliyokuwa ukiimaliza kwa kurasa mbili sasa imekuwa ya tano.

Mtoto wako,
Fosia


Isiolo
11 Julai 2018

Fosia,

Salaam aleikum. Mvua imekatika, vumbi limerudi mahali pake, na maziwa ya ngamia yameshuka bei. Mama yako amepata dawa mpya ya goti kutoka kwa mwanamke wa Kulamawe na sasa anatembea kama askari. Anasema mafuta hayo ya ngozi ni ya usiku tu, usitoke nayo juani.

Nimesoma barua yako yote. Nimewasomea hata wazee dukani, wakaipenda habari ya jua kuwa mzee mtulivu, na mmoja akauliza kama kuna dawa ya nyota zenye hasira, ana vijana watatu nyumbani. Lakini mimi sikupenda. Nilikuuliza swali moja. Umeniandikia kurasa nyingi za nyota zisizoonekana, na mstari mmoja wa mwezi unaoonekana. Eti hesabu zinahitaji nafasi! Mtu anayehesabu nyota zilizozikwa kwenye vumbi anashindwa na mwezi?

Nami nimekushika, bibi. Umeandika kwa mkono wako kwamba una nyota ambayo hakuna mwingine aliyeiona, na umeiweka katika kitabu chako cha masomo, na watakupa shahada. Wewe ukiwa shahidi peke yako ni msomi. Mimi nikiwa shahidi peke yangu ni mzee wa kuletewa chai. Nieleze tofauti.

Mimi na Kahin hatusalimiani sana. Tunasalimiana, lakini si sana. Tukikutana mlangoni mwa msikiti yeye hujifanya anatafuta viatu.

Herufi zangu ni kubwa kwa sababu kalamu za siku hizi hazina wino. Na kama Fahmo amekuambia lolote kuhusu lori, usimsikilize. Ni kigingi cha daraja kwenye njia ya Garbatulla, kimewekwa mahali ambapo zamani hakikuwepo. Taa moja tu imevunjika na bampa imekunjika. Kaberia alikuwa amelala pembeni yangu, akaamka akisoma sala za kwao zote.

Sijakasirika. Lakini nijibu.

Abdighani


Palermo
4 Agosti 2018

Adeer yangu,

Salaam aleikum. Natumaini Hooyo bado anatembea kama askari. Hapa ni jua tupu, maduka yamefungwa, mji mzima umehamia baharini na mimi nimebaki na feni. Sina habari nyingine za kuchelewesha mkono wangu, kwa hiyo naanza.

Uliniuliza tofauti ya mimi na wewe. Mwezi uliopita ningeshindwa kukujibu. Nilikuwa nimeketi na ile nyota yangu, nikaipeleka kwa Agata nikitaka anisifu. Hakunisifu. Alisema, "Chembe zako zilifika lini?" Nikasema zilifika, si hizi hapa? Akasema, "Sikuulizi ngapi. Nakuuliza lini." Nikarudi kuangalia. Nyota ya kweli huzileta chembe zake kidogo kidogo, leo moja, baadaye nyingine, na kwa kuwa darubini yetu hutikiswa makusudi, kila chembe huangukia mahali tofauti kidogo kwenye kamera. Zangu zote zilifika kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, mahali pale pale. Haikuwa nyota. Kuna chembe kali zinazoruka angani kutoka mbali, moja iliigonga kamera, na kamera ikabaki ikiwaka ndani yake kwa muda. Yaani mwanga niliouona ulikuwa wa jicho lenyewe.

Niliifuta kwenye tasnifu. Nilikaa nyumbani siku hiyo nzima, sikutaka kuonana na mtu. Hakuna aliyedanganya, Adeer. Kamera haikudanganya, mimi sikudanganya. Niliona kweli. Lakini kitu hakikuwepo.

Hesabu za mwezi wako nilizifanya siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza. Zilinichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Jioni ya Jumanne ile mwezi ulikuwa ndio kwanza umezaliwa, umeshikana na jua, ukazama nalo karibu pamoja. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingeuona, si Isiolo wala popote. Kilichokuwa juu ya machweo ni Zuhura, ile nyota ya jioni, na iling'aa sana mwezi ule. Nadhani jicho lako liliichukua Zuhura likaivuta na kuikunja. Nimesoma, nimeuliza daktari. Jicho likianza kuwa na ukungu hufanya hivyo kwa taa na kwa nyota.

Siwezi kukuandikia ile karatasi. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama juu, uliniweka mabegani pale kwenye bohari la babu ukaniambia usiseme umeona mpaka uwe umeona. Sasa ningeanzaje kukuambia wewe?

Lakini Fahmo amenipigia. Si kigingi kimoja. Ni kigingi, na punda wa mtu wa Kambi Garba, na asubuhi moja ulimpita yeye mwenyewe njiani bila kumjua mpaka alipoita. Kaberia ameapa kwamba halali tena akiwa nawe garini. Adeer, nimeshazika baba mmoja. Huyu wa pili sitaki aniondokee kwa sababu ya ubishi. Nakuomba umpe Kaberia funguo. Nakuomba uende ukaonyeshe macho. Ukikasirika, nikasirikie, niandikie matusi ukurasa mzima kwa herufi kubwa kadiri upendavyo, mradi uwe unaniandikia.

Nakupenda, na sijui kulisema hilo kwa namna nyingine.

Fosia


Isiolo
13 Agosti 2018

Fosia,

Salaam aleikum. Sijapata jibu lako, ama posta imelala ama wewe umelala. Naandika kwa ufupi kwa sababu Idd ya kuchinja inakaribia na kazi ni nyingi.

Jana tuliutazama mwezi wa Dhulhija kutoka pale pale juu ya jengo. Sote tumeuona, alhamdulillahi, hakuna aliyemwomba mwenzake shahidi. Kahin alikuwepo. Aliniuliza hali ya mama yako, nikamjibu.

Kondoo wa Idd wananingoja Garbatulla. Kaberia ana harusi ya dada yake, Kajuju, huko Meru, nimempa ruhusa, kwa hiyo Ijumaa nitaendesha mwenyewe. Fahmo ananuna. Mwache anune, kondoo hawatakuja kwa miguu yao.

Mama yako anauliza utaolewa lini. Mimi siulizi.

Abdighani


Isiolo
8 Septemba 2018

Fosia, adeer, nami nakuita kama unavyoniita,

Salaam aleikum. Najua umengoja. Fahmo amekuambia niko hai na sitaki kuzungumza, na yote mawili yalikuwa kweli. Mama yako amekuchagulia kitambaa cha gauni la dirac, cha kijani, atampa yeyote atakayesafiri akuletee. Bei ya kondoo ilikuwa nzuri Idd hii. Sasa nakueleza.

Ijumaa ile asubuhi lori lilikuwa limewashwa. Fahmo alikuwa amesimama mbele yake na mikono kiunoni, nami nikimpigia honi binti yangu mwenyewe, majirani wote nje. Ndipo mtu wa posta akapita akaniambia kuna barua yako, akanipitishia dirishani. Posta ya nchi hii, ambayo haijawahi kukimbia, siku hiyo ilikimbia. Niliisoma nikiwa kwenye usukani. Ilinichukua muda mrefu, Fosia, kwa sababu nilikuwa naishika hapa karibu na pua na mistari bado inapanda juu ya mistari. Nilipofika pale uliposema kitu hakikuwepo, nikazima injini.

Nilikukasirikia sana. Uliniomba nikukasirikie, basi nilikutii. Nilisema maneno peke yangu chumbani ambayo sitayaandika. Nilisema nimelea mtoto nikamsomesha ili aje kuniambia kutoka ng'ambo kwamba mimi ni kipofu. Fahmo alimpigia simu binamu ya Kaberia akaleta kondoo. Mimi nililala.

Baada ya siku kadhaa, jioni, nilitoka uani nikamwita Fahmo. Nikamwuliza, "Zuhura ziko ngapi?"

Akasema, "Baba, Zuhura ni moja."

Mimi niliona tatu, Fosia, na moja ilikuwa na mkia uliojipinda. Uliojipinda vizuri kabisa, umelala chali. Nilisimama pale nikaitazama mpaka ikazama. Kama ungekuwepo ningekushika mkono.

Na kuna jambo jingine. Nilikuandikia kwamba mwezi wa Dhulhija tuliuona sote. Wenzangu waliuona, na ulikuwepo, hilo ni sawa. Mimi sikuona kitu. Vijana walinyoosha vidole, nikanyoosha na mimi, nikasema "huo pale." Lile la Shaaban nililisema kwa moyo safi. Hili nililisema nikijua. Ndilo lililonitoa kitandani, si barua yako, usijisifu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilimwomba imamu nafasi. Watu wengi walikuwa bado hawajavaa viatu. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, yakapotea yote. Nikasema, "Ule mwezi niliosema nimeuona kabla ya Ramadhani, sikuuona. Mlianza kufunga siku ya haki. Na huu wa Dhulhija pia sikuuona, nilinyoosha kidole tu. Macho yangu yamekwisha. Tafuteni mwingine, na mniwie radhi."

Nilitaka zulia linimeze. Nilimwaza babu yako, nilimwaza baba yako.

Halafu Kahin akainuka. Nikajua sasa ndio ananimaliza, na ana haki. Akasema, "Jamani, na mimi nina neno. Huyu Abdighani anasema macho yake yamekwisha mwaka huu. Yangu yalikwisha zamani. Kila mwaka yeye akisema ameuona, mimi nilikuwa nasema nimeuona, kwa sababu nilijua Abdighani hawezi kukosea. Mimi nilikuwa naona mawingu na zile taa za mulika mwizi za kaunti. Mwaka huu imamu aliponigeukia nikamwogopa Mungu. Sikumkataa Abdighani. Nilijikataa mimi."

Unaelewa, Fosia? Miezi yote hiyo nilidhani amenisaliti, kumbe jioni ile ndiyo siku ya kwanza aliyokuwa shahidi! Nikamwuliza, "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa peke yangu pale juu?" Akasema, "Peke yako kabisa, ndugu yangu, na mimi nyuma yako nikiitikia." Mtu akacheka. Halafu msikiti mzima ukacheka, hata imamu alijifunika mdomo kwa kilemba.

Imamu alipomaliza kucheka hakutupa mawaidha. Alisema tu kwamba kuanzia sasa atapanda Fahmo na vijana wengine wenye macho, kila mmoja atazame upande wake na asimsikilize mwenzake mpaka wote waseme. Nikamwambia hiyo ndiyo sheria yenu huko Palermo, kila chembe ije kivyake. Kisha akanigeukia akasema, "Nawe, Abdighani, ukitengenezwa macho rudi. Tumekusikia leo ukisema hukuuona. Siku ukisema umeuona, tutafunga bila kuuliza mtu mwingine."

Funguo za lori anazo Kaberia. Anaendesha polepole kama anapeleka maharusi, na sisemi kitu. Madaktari wa macho watakuja hospitalini mwezi wa kumi. Mimi na Kahin tumeandikishwa pamoja, na tumeshaanza kugombana nani aingie kwanza. Yeye anasema mimi, mimi nasema yeye.

Ile nyota yako uliyoifuta, usiihuzunikie. Ulifanya vyema. Sikukuambia hilo mapema kwa sababu nilikuwa nimenuna, lakini nililijua tangu kwenye usukani.

Siku ile tulitoka msikitini mimi na Kahin tumeshikana mikono kama watoto wa chuo, kila mmoja akidhani anamwongoza mwenzake, tukapita katikati ya soko watu wakitupisha. Nilikuwa nalia, adeer. Kahin aliniona nikipangusa, akasema ni ule ugonjwa wa jicho, hata yeye huanza hivyo hivyo, nisiogope. Nikamwacha adhani hivyo.

Abdighani